Ute wa samaki aliyejeruhiwa: kinga ya mwili au masalia ya seli?

Mfugaji akitaka kujua kama samaki wake wameumia, hana njia nyingi: awavue awakague mmoja mmoja, awatoe damu kwa sindano, au awachinje apasue. Ndiyo maana wazo la kupima ute wa ngozi limepata wapenzi upesi. Samaki analazwa kwa dawa ya usingizi, anapanguswa ubavuni, anarudishwa majini, kisha maabara inasoma protini zilizomo. Mvutano uko hapa: je, kinachosomwa ni mwitikio wa mwili kwa jeraha, au ni vitu vilivyomwagika tu kutoka kwenye seli zilizopasuka?

Wenye mashaka wana hoja nzito. Hata ute wa samaki mzima kabisa una aktini, keratini na histoni, protini ambazo kazi yake ya kawaida iko ndani ya seli. Tena ngozi ya samaki, tofauti na ya binadamu, ina seli hai hadi juu kabisa, kwa hiyo kuikwangua ili kupata sampuli ni kuzipasua. Aktini ikionekana imepanda, umepima kidonda au umepima mkono wako mwenyewe? Damu kidogo ikiingia kwenye ute, transferini, protini ya damu inayobeba chuma na kusaidia kinga, nayo hupanda, na mtu mwenye haraka ataandika kwamba ngozi imejihami.

Hoja hii naikubali nusu, na anayenizuia ni kambare. Mwaka 1998 watafiti wa Korea Kusini walieleza peptidi (kipande kifupi cha protini) waliyoiita parasini I, iliyopatikana kwenye ute wa kambare wa Asia Mashariki, Parasilurus asotus, baada ya ngozi yake kujeruhiwa. Ina asidi amino 19 tu, na inaua bakteria wa aina nyingi. Chanzo chake ni histoni H2A, ile ile inayofungasha DNA kwenye kiini cha seli. Baadaye ikaonekana kwamba ngozi ikiumia, kimeng'enya kathepsini D huamshwa, huikata histoni hiyo, na kipande kinachotoka ndicho kinachopambana na bakteria. Kitu ambacho mwenye mashaka angekiita takataka, kumbe ni malighafi. Basi kuikuta protini nje ya seli yake hakutoshi kuitupilia mbali.

Lakini kambare hawaokoi wapima ute katika kila kitu. Lisozaimi, kwa mfano, kimeng'enya kinachovunja kuta za bakteria, hubadilika samaki wanaposongamana, wanapougua na hata maji yanapobadilika joto. Kiwango chake peke yake hakikwambii kama samaki amekwaruzwa na wavu au ameshikwa na chawa wa samoni. Halafu kuna hesabu ambayo wengi huipita haraka mno: ngozi iliyochokozwa huweza kumwaga ute mwingi zaidi, hivyo lisozaimi kwa kila mililita inaweza kushuka huku jumla inayotoka mwilini ikiongezeka. Matokeo mawili yanayopingana yanaweza kutoka kwa samaki yule yule, kutegemea umegawanya kwa kipimo gani. Muda nao haungoji mtu. Seli za juu huanza kutambaa kufunika kidonda ndani ya saa chache, upesi zaidi kwenye maji ya uvuguvugu, kwa hiyo sampuli ya leo na ya keshokutwa si za jeraha lile lile.

Kwa maoni yangu kipimo hiki kinafaa kulinganisha kizimba na kizimba, sampuli zikichukuliwa kwa namna moja na saa ile ile, wala si kumtolea samaki mmoja hukumu. Kidonda kikubwa jicho hukiona bure. Thamani ya ute ingekuwa kwenye michubuko midogo na magamba yaliyopukutika wakati wa kuhamisha samaki, na hapo ndipo ninapoona pengo: majaribio mengi hutumia jeraha moja safi, lililokatwa kwa kisu cha maabara mahali palipochaguliwa. Samaki wa kizimbani hawaumii hivyo.