Sanaa kwa watoto maskini: inawajenga, lakini inawafikia?

Wanaotetea sanaa katika elimu ya watoto wanaokulia kwenye dhiki wana hoja nzito, nayo inahusu namna ya kukosea. Mtoto akikosa hesabu, anawekewa kosa kwa wino mwekundu na somo linasonga mbele. Akifinyanga chungu, ukuta ukalegea na kubomokea ndani, anakusanya udongo, anaukanda upya na kuanza tena, safari hii akiacha kitako kinene kidogo. Hakuna aliyempunguzia alama. Kwa mtoto aliyekwisha kuaminishwa kwamba hana akili, hilo si dogo.

Je, moyo huo humfuata hadi kwenye daftari la hesabu? Huko Houston, Marekani, shule 42 ziligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi zikaongezewa mafunzo ya sanaa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kuwa utovu wa nidhamu ulipungua na uandishi wa wanafunzi ukapanda. Hesabu, kusoma na sayansi havikusogea kwa kiasi cha maana. Basi anayeinadi sanaa kwa ahadi ya ufaulu wa mitihani anajitia kitanzi: matokeo yakitoka, programu itafutwa ilhali ilikuwa ikifanya kazi yake.

Wapinzani wana hoja kali zaidi, kwamba kumfundisha mtoto ustahimilivu ni kumtwika mzigo wa wakubwa. Ngoma haishibishi. Nakubali nusu tu. Kumlisha mtoto hakumzuii mtu kumpa na brashi.

Kinachonisumbua ni kingine. El Sistema ya Venezuela, iliyoanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975 kufundisha watoto muziki wa okestra, ilipopimwa, watoto walionekana kuongeza uwezo wa kujizuia, hasa wale ambao mama zao hawakusoma sana na wavulana waliozungukwa na vurugu. Lakini kati ya walioandikishwa, maskini hawakufika asilimia 17, wakati kwenye majimbo wanakotoka walikuwa takriban asilimia 47. Yaani wanaofaidika zaidi ndio wachache mlangoni. Si ajabu: mazoezi ya baada ya masomo yanamtaka mtoto asiye na mdogo wa kulea, na mzazi mwenye nafasi ya kufuatilia fomu. Ndiyo maana kwangu kipindi kimoja ndani ya ratiba ya shule, kinachomkuta kila aliyeketi darasani, kinaishinda klabu nzuri ya jioni. Na bajeti ikiwa finyu, alipwe kwanza mwalimu wa kukiendesha. Ala na rangi zitafuata.