Akiba ya leso huoza

Jumapili iliyopita tulifungua kasha la marehemu nyanya. Miaka 6 lilikaa chumbani kwake, Kibokoni hapa Mombasa, bila mtu kuligusa, kila mmoja akiona haya kuwa wa kwanza. Shangazi ndiye aliyeshika ufunguo. Akasoma Fatiha, akainua kifuniko. Ikatangulia harufu ya udi, ikafuata ya karafuu, na mamangu akaanza kulia pale pale.

Chini ya mabuibui kulikuwa na leso, zile ambazo wengine huziita kanga. Tulihesabu doti 34. Nyingi zilikuwa hazijatenganishwa wala kupindwa, na zina kanji ile ile ya dukani. Nikachukua iliyokuwa juu, ya manjano yenye chapa ya korosho kubwa nyeusi katikati, pale tunapopaita mji, nikaishika pembe mbili niikunjue. Ikaachana mikononi. Haikutoa hata sauti ya kuchanika. Ilifunguka tu kwenye mkunjo, pindo mpaka pindo, na unga mwembamba wa pamba ukabaki vidoleni mwangu. Ya pili ikawa hivyo hivyo. Tulipofika mwisho, doti 11 zilikuwa zimekwisha, na nyingine zina mistari ya rangi ya chai kila zilipogusana na mbao.

Jambo hili limenikaa kifuani wiki nzima. Nyanya alikuwa akichoma mahamri alfajiri na kuyauza. Kila Idd alikwenda Biashara Street akanunua doti moja, mbili mwaka ukiwa mzuri. Na siku zote nilizomjua, nyumbani alijifunga leso zilizochujuka hata jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake, halisomeki. Zile nzuri zilikuwa zikingoja. Zilingoja harusi, zilingoja wageni, zilingoja siku yake. Mwisho mwenyewe akaondoka, zikabaki gizani zikiliwa kidogo kidogo.

Niliposema pale chumbani kwamba hizi 23 zilizosalimika tuzikate, tushone vitu, tuwagawie wajukuu, shangazi alinitazama kana kwamba nimetukana.

"Mwanangu, hizi ni heshima za nyanyako. Leso haikatwi. Ziache. Akiba haiozi."

Nilikuwa nimeshika nusu ya leso mkono huu na nusu nyingine mkono huu. Sikumjibu, kwa kuwa ni shangazi yangu, na kwa kuwa siku ile haikuwa ya mabishano. Namjibu hapa, kwa adabu zote.

Shangazi, leso ilizaliwa kwa mkasi. Kabla ya hii tunayoijua, madukani kulikuwa na vitambaa vya mkononi, vile Wareno walivyoviita lenço na sisi tukapata neno leso. Vilikuja kwenye jora vimefuatana, havijatenganishwa. Wanawake wa pwani hii, katika karne ya 19, hawakuridhika kununua kimoja kimoja cha kufutia jasho. Walikata vitambaa vitatu vitatu, wakaunga safu mbili, wakapata nguo moja ya vitambaa sita, pana ya kujitanda. Ndiyo hiyo leso ya kushona. Wafanyabiashara walipoona kinachovaliwa ndipo walipoanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima, yenye pindo na mji wake. Majina yalikuja baadaye, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, na duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza hapa Mombasa mwaka 1887, ambalo sote tunalijua kwa Mali ya Abdulla, ndilo linalotajwa mbele ya mengine kwa majina hayo. Kila kizazi kilitia mkono wake katika nguo hii. Kwa nini kizazi chetu ndicho kiambiwe kitazame tu?

Na pamba ni kitu cha kufa. Mkunjo ukikaa mahali pamoja miaka na miaka, nyuzi hukatika pale pale. Mbao za kasha zina asidi inayoila nguo na kuigeuza manjano. Unyevu wetu huu wa bahari unasaidia, mende nao wanafuata kanji. Mimi nimeyaona kwa macho yangu, na kila mwenye kasha nyumbani leo aende akakunjue leso ya chini kabisa, aitazame kwenye mwanga wa dirisha. Leso inayovaliwa na kufuliwa nayo itachakaa, sikatai. Lakini itakuwa imembeba mtoto, imefunika mtu usingizini, imefuta machozi msibani.

Yapo nisiyoyagusa. Kisutu cha harusi, kile chekundu, cheusi na cheupe, kibaki kizima. Kwa hilo kina mama wamenishinda. Leso ambayo mtu ameachiwa kwa wasia, vile vile. Na jina silikati katikati ya neno hata nikipungukiwa na kitambaa. Ila tusifanye visutu viwili vitatu kuwa kisingizio cha kufungia doti 34.

Nilianza na zile zilizochanika, kwa sababu hizo hakuna aliyezigombania. Ya manjano nimeishonea koti. Nilikata vidole vinne kila upande wa mkunjo, mpaka mahali ambapo nikivuta nguo haitoi uzi. Nikabakiwa na vipande vinne, kikubwa chao kama mswala. Nikavitandaza juu ya amerikani mpya, ile pamba isiyo na chapa, niliyokwisha kuifua, nikavipiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya kushikizia tu, kisha nikavipitishia mishono ya mistari, kidole kimoja baina ya mstari na mstari, juu mpaka chini, kwa cherehani ya mkono ya nyanya mwenyewe. Amerikani inabeba uzito, leso inabeba sura. Korosho moja nzima imekaa mgongoni. Pindo nimelipeleka mikononi. Jina ndilo lililonisumbua: MGENI NJOO MWENYEJI APONE, zaidi ya nusu mita, na mabega ya mdogo wangu ni sentimita 40. Nililigeuza kila namna kwa siku mbili. Mwisho nimelishusha chini, karibu na upindo, linaanzia ubavu wa kushoto, linapita nyuma na kuishia ubavu wa kulia, kwa hivyo lazima mvaaji ageuke ndipo ulimalize.

Kukata sawa nilifundishwa na fundi wa barazani Biashara Street, mmoja wa wale wanaokupindia leso huku unasubiri. Nilikuwa bado msichana wa shule. Aliniona nimeshika mkasi nikikata kwa kukadiria, akanichukulia ile nguo, akachomoa uzi mmoja pembeni na kuuvuta taratibu mpaka ukaacha njia nyembamba kutoka upande huu hadi upande wa pili. "Kata hapo, mama. Nguo yenyewe imekuonyesha." Tatizo ni kwamba leso nyingi chapa yake haifuati uzi. Ukifuata uzi, jina linapanda kidogo. Ukifuata jina, koti linajipinda baada ya kufuliwa mara mbili. Mimi nafuata uzi. Na jamani, chumvi na siki hazizuii leso nyekundu kutoa rangi. Ifueni peke yake mpaka maji yatoke meupe, ndipo mkate.

Sasa nizungumzie zawadi, maana hapa nina kidonda.

Mwaka jana nilipeleka shuka la mtoto kwenye arobaini ya mtoto wa binamu yangu. Jioni 9 nililishona. Nilipokuwa naosha mikono nikamsikia mgeni mmoja akimwambia mwenzake kwamba maskini, huyu alikosa pesa ya duka. Mezani yalikuwapo mabeseni 7 ya plastiki, mawili ya rangi moja, na hakuna aliyeyasema neno. Shuka lile kipande chake cha katikati kilikuwa mbeleko. Mbeleko ile ndiyo iliyombeba mama wa mtoto yule alipokuwa mchanga. Mamake aliihifadhi, akanipa kwa mkono wake mwenyewe akaniambia fanya unavyojua. Kukizunguka niliweka vipande vya leso za nyanya zake wote wawili, wa kwa baba na wa kwa mama, ili mtoto alale katikati yao. Hakuna duka Mombasa nzima linalouza kitambaa hicho. Kama umeona shuka la namna hiyo ukafikiria pesa, basi tumefika mahali pabaya na inaniuma kusema hivyo.

Mengine nayataja tu. Watoto wetu wanafika miaka 15 hawajui kutunga uzi sindanoni. Kitambaa kizuri cha pamba kimepanda bei, na sisi tumekilalia. Zile leso za nailoni za siku hizi sizishoni, zinateleza chini ya sindano na hazinyonyi jasho, waliozinunua wanisamehe.

Neno langu kali zaidi nawapa washonaji wenzangu. Nyinyi mnanunua kitambaa kizuri kila mwezi, mnakipeleka nyumbani, mnakipapasa, mnakikunja na kukiweka chini ya kitanda kwa sababu mnaogopa kukikosea. Nimeingia vyumba vyenu nimeona. Lile ni kasha la nyanya, tofauti ni kwamba halina kufuli. Ukikosea koti, utapata mfuko. Ukikosea mfuko, utapata kishikio cha sufuria. Kipande kidogo kama kiganja kinatosha kutia kiraka cha goti kwenye suruali ya mtoto, na mtoto akakipenda kiraka kuliko suruali. Leso moja ni kama sentimita 150 kwa 110, na doti ni leso mbili. Humo mna nafasi tele ya kukosea na kurudia. Kilichochanikia mkunjoni ndicho hakirudi.

Mdogo wangu alilivaa koti Ijumaa kwenda sokoni Marikiti kununua viungo. Amerudi na habari za wanawake watatu waliomsimamisha wamsome nyuma.

Jana jioni shangazi alipita. Hakusema kitu. Alilichukua koti kitini, akapitisha kidole kwenye jina neno kwa neno, akaligeuza ndani akatazama mishono, akalirudisha lilipokuwa. Alikunywa chai yake. Alipokuwa mlangoni anajitanda ndipo akaniuliza amerikani naipata duka gani, na mita moja ni shilingi ngapi. Jumamosi tunakwenda pamoja.