Chupa ya senti 8 na kreti la kwa Mangi

Mtanzania akishakaa Ujerumani miezi michache, mojawapo ya habari anazotuma nyumbani ni ya Pfand, yaani dhamana ya chupa: huku hata chupa tupu ni hela. Habari yenyewe ni ya kweli. Ubaya ni kwamba anayeisikia akiwa Tandika au Nyegezi anabaki akidhani Wazungu wamegundua kitu ambacho sisi hatuna. Tunacho. Kreti la soda la chupa 24 linalotoka kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, kwenda kwa wakala, na kwa wakala kurudi kiwandani, ni mfumo huohuo, tena kwa jambo moja kubwa unaupita wa huku Ujerumani ninakoishi. Naandika haya kwa sababu naona tunauacha bila hata kuuaga, wakati Wajerumani wanatunga sheria ili waurudishe wa kwao.

Tuanze na huku. Ukinunua kinywaji unalipa bei yake, na juu yake hela ya chupa, ambayo unarudishiwa ukiirudisha. Viwango vya kukariri ni vitatu. Chupa ya kawaida ya bia, ya kioo, ni senti 8. Chupa ya maji au soda ya kujazwa tena, iwe ya kioo au ya plastiki nene, kwa kawaida ni senti 15. Kopo na chupa ya plastiki nyepesi ni senti 25. Mgeni anaona 25 na kudhani hiyo ndiyo inayothaminiwa zaidi. Ni kinyume chake. Ya senti 8 inaoshwa na kujazwa upya, na kioo kinaweza kuzungushwa hivyo hadi mara 50. Ya senti 25 ikishaingia kwenye mashine inapondwa palepale. Ule mlio wa kukwaruza unaotoka nyuma ya ukuta ndio huo. Safari yake inayofuata ni kusagwa na kuyeyushwa.

Dhamana ya chupa za kutupa ilianza tarehe 1 Januari 2003, na kwa kazi moja imefaulu mno: zaidi ya asilimia 98 ya chupa hizo hurudi. Lakini sheria ya vifungashio ina lengo jingine, kwamba asilimia 70 ya vinywaji viuzwe kwenye chupa za kujazwa tena, na hilo halijafikiwa. Kiwango kimekwama kwenye asilimia 40 na kitu. Anayejua biashara ya duka ataelewa upesi. Chupa ya kupondwa haidai ghala la kreti, wala kupangwa kwa maumbo, wala lori linalorudi na mzigo wa chupa tupu. Maduka makubwa ya bei nafuu yaliipenda tangu mwanzo. Mteja naye akishapata hela yake anaona amemaliza wajibu, kumbe amerudisha plastiki ambayo haikupaswa kutengenezwa.

Kwa hiyo aliye huku asome rafu kabla ya kusoma bei. Duka linalazimika kuandika hapo ama Mehrweg, yaani ya kujazwa tena, ama Einweg, ya kutupa. Ukinunua bia kwa kreti la chupa 20 za nusu lita, hela ya chupa na kreti ni yuro 3.10: yuro 1.60 ya chupa na 1.50 ya kreti. Kreti la maji la chupa 12 za senti 15 ni yuro 3.30. Wakati wa kurudisha, kreti zima linasukumwa kwenye tundu la chini la mashine, na chupa moja moja zinaingia tundu la juu, kitako kwanza. Za senti 25 zinatambuliwa kwa alama ya mistari kwenye lebo, kwa hiyo usizikunje ili zitoshe kwenye mfuko na usibandue lebo; ikishindwa kusomeka inatemwa, na hela inaweza kupotea. Duka lenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 200 haliwezi kukataa chupa ya plastiki ya kutupa ikiwa lenyewe linauza vinywaji vya chupa hizo, hata kama ulinunua kwingine. Duka dogo linaruhusiwa kukataa chapa ambazo haliuzi. Na ukiwa mtaani hutaki kubeba chupa, iweke chini kando ya pipa, usiitumbukize ndani. Wapo wazee wanaojazia pensheni kwa chupa hizo, na hakuna sababu ya kuwafanya waingize mikono kwenye uchafu.

Sasa geukia nyumbani. Kwa Mangi hakuna mashine. Unaleta chupa, unachukua chupa. Huna chupa, unakunywa papo hapo ukiwa umesimama, au unaacha hela ya chupa na Mangi anakukumbuka kwa sura. Hakuna kinachopondwa. Viwanda vya soda viko Dar, Moshi, Mwanza na Mbeya, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana: kioo ni kizito, na kikisafirishwa mbali sana faida yake inaliwa na dizeli ya lori. Kikizunguka karibu na kiwanda, hesabu inakaa sawa.

Mfumo wa kreti una magonjwa yake, na yanajulikana. La kwanza ni chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa au petroli ya kupima. Wakala mzoefu anainusa na kuichomoa, kwa kuwa harufu hiyo haitoki kirahisi na chupa moja inaweza kuharibia kiwanda jina. La pili ni mdomo uliomeguka: kizibo hakishiki, gesi inatoka, soda inafika ikiwa imelala. La tatu ni vipisi vya sigara na mirija iliyogandia ndani ikakauka. Dawa ni nyepesi. Suuza chupa kwa maji matupu siku hiyohiyo, usiihifadhie kitu kingine chochote, na hesabu 24 zako kabla kijana wa guta hajafika, kwa sababu pengo la chupa moja unalilipa wewe.

Kinachouua mfumo huu si magonjwa hayo, ni soda ya plastiki, ile tunayoiita teki-awei. Muuzaji hamdai mtu chupa, mnunuzi hadaiwi, na kiwanda hakidaiwi. Anayebaki na chupa ni mtaro. Mvua za masika zinaisukuma hadi Mto Msimbazi pale Dar, inaziba makalvati, maji yanatafuta njia nyingine, na karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani imeshazama mara nyingi kiasi kwamba mtu hashangai tena. Chupa sizo sababu pekee ya mafuriko yale. Bonde lenyewe ni la mafuriko. Lakini mtaro uliozibwa unageuza mvua ya kawaida kuwa janga.

Anayetuokoa ni muokota chupa, na tunamlipa vibaya mno. Chupa tupu ya soda ya nusu lita ina uzito wa gramu 20 hivi, maana yake kilo moja ni chupa kama 50, na yeye analipwa kwa kilo. Chupa 50 hizo hizo huku Ujerumani ni yuro 12.50. Kazi ni moja, kuinama ni kulekule. Hapa ndipo tunapopaswa kuiga: dhamana, hata ikiwa ndogo, iwekwe kwenye kila chupa ya plastiki inayouzwa, na chupa ya kioo ya kujazwa tena iachwe ibaki nafuu kuliko plastiki. Kinyume cha hapo tutarudia kosa la Wajerumani, la kukusanya vizuri kitu ambacho tungeweza kutokitengeneza. Kwa wanaonunua chupa mtaani, jambo moja linalopandisha thamani ya mzigo: tenganisha vizibo. Mwili wa chupa na kizibo ni plastiki mbili tofauti. Zikisagwa na kutiwa majini, vipande vya chupa vinazama na vya kizibo vinaelea, lakini mzigo uliokwisha kutenganishwa una wateja wengi zaidi. Ulaya tangu tarehe 3 Julai 2024 kizibo cha chupa ya plastiki hadi lita 3 lazima kibaki kimeshikana na chupa yake, ili kisipotee njiani.

Anayesema sheria kama hiyo haiwezekani kwetu akumbuke tarehe 1 Juni 2019. Mifuko ya rambo ilikatazwa, na ndani ya wiki chache watu walikwenda sokoni na vikapu. Tatizo limerudi kwa mlango wa nyuma: mifuko mbadala nayo ni plastiki, ila imetengenezwa ifanane na kitambaa, na ile myembamba kuliko gramu 70 kwa mita ya mraba, ambacho ndicho kiwango cha chini, inachanika baada ya safari mbili tatu. Kikapu cha ukili kinadumu kuliko vyote hivyo, nacho kinamlipa aliyekisuka.

Yapo mengine ya nyumbani ambayo huku yanauzwa kama mambo mapya. Kupimiwa mafuta ya kula kwenye chupa yako, mchele kwenye mfuko wako: Ujerumani yalifunguliwa maduka ya namna hiyo, yakasifiwa sana, na mengi yakafungwa bei za vitu zilipopanda. Fundi viatu, fundi simu, fundi pasi: jimbo la Thüringen lilifika mahali pa kumrudishia mkazi nusu ya gharama ya kutengeneza kifaa cha umeme, hadi yuro 100, ili tu asinunue kipya. Sisi fundi yupo kona ya mtaa.

Kwenye usafiri Ulaya inatuzidi, na sioni haya kusema hivyo. Tiketi ya Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49 na sasa ni yuro 63 kwa mwezi, inakupandisha basi, tramu na treni za mikoa nchi nzima, ila si treni za mwendo kasi za ICE. Inajirudia yenyewe kila mwezi; usipoisitisha kufikia tarehe 10, unakatwa na mwezi unaofuata. Tiketi nyingi za mpira na matamasha zina nauli ya siku hiyo ndani yake, kwa hiyo mashabiki maelfu wanaondoka uwanjani kwa treni badala ya magari. Hilo lingewezekana kabisa kati ya Uwanja wa Mkapa na mwendokasi, kwa sababu anayeuza tiketi ya mechi anajua mapema watu wangapi watatoka na saa ngapi. Upande wetu tuna SGR, ambayo tangu 2024 inatoka Dar hadi Dodoma kwa umeme, kwa chini ya saa nne ukichukua ya haraka, na gridi ya taifa sasa ina bwawa la Nyerere pale Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115. Unayekuja likizo na kukodi gari Dar hadi Dodoma, fikiria tena. Kata tiketi mapema, na kitambulisho ulichokatia ndicho usafiri nacho. Kuhusu ndege ya kuja nyumbani, hakuna mbadala, ila safari moja ya wiki sita ni bora kuliko mbili za wiki tatu.

Limebaki la sherehe, na hili linatuhusu sisi wa huku moja kwa moja kwa sababu michango yetu ndiyo inayonunua yale maji. Harusi ya watu 300, kila mmoja chupa ndogo mbili: chupa 600, nyingi zikiwa zimenywewa nusu na kuachwa mezani. Mgeni anahitaji kama lita moja kwa usiku mzima, yaani lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20, ambayo msambazaji anayachukua tena yakiwa matupu. Kamati zinakataa kwa sababu moja ya haki kabisa: mgeni anaamini chupa iliyofungwa, haamini jagi. Basi madumu yafunguliwe ukumbini mbele ya watu, si jikoni. Majagi mawili ya lita mbili kwa kila meza ya watu kumi, na vijana wawili wasio na kazi nyingine zaidi ya kuyajaza. Soda ziwe za kreti.

Glasi kodi 360, si 300, kwa kuwa zitavunjika na nyingine zitapotea chini ya viti. Kwenye kuosha ndipo watu wanapokosea. Yanatakiwa mabeseni matatu: la kwanza maji ya moto na sabuni, la pili maji safi ya kusuuzia, la tatu lita 20 za maji zenye vijiko vikubwa vitatu vya dawa ya maji ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, na glasi zikae humo angalau dakika moja. Beseni la pili likianza kuwa na povu, libadilishwe. Wengi wanalisahau, na klorini ikikutana na mabaki ya sabuni na uchafu inaishiwa nguvu. Kisha glasi zipangwe kwenye tenga mdomo chini zikauke zenyewe, kwa maana kitambaa kimoja kikifuta glasi 300 kinazirudishia kila kilichotolewa kwenye mabeseni matatu.