Rekodi Safi CRB, Riba Ileile

Mkopeshaji asiyekujua hukutoza gharama ya kutokujua. Ofisa wa mikopo akienda sokoni kukagua kibanda cha mama mboga, nauli na siku yake ya kazi ni zilezile, uwe mkopo wa Sh10,000 au wa Sh500,000. Ndiyo maana pesa ndogo huwa ghali. Rekodi za CRB, yale mashirika yanayotunza kumbukumbu za mikopo nchini Kenya, hupunguza safari hizo. Tena humfichua anayekopa kwa wakopeshaji watatu ndani ya wiki moja, siri ambayo hata wenzake wa chama huenda wasiijue.

Hapo sina ubishi. Ninachouliza ni nani anabaki na nafuu hiyo.

Tazama M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, ilipoanza Novemba 2012: ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Aliyekwisha kulipa mara kumi bila kuchelewa alitozwa sawa na aliyejiunga juzi. Zawadi yake ilikuwa kuongezewa kiwango cha kukopa, bei haikuguswa. Akikopa kila mwezi, ada hizo zinafika asilimia 90 kwa mwaka.

Mwanzo wenyewe wa CRB ulikuwa na kasoro. Kanuni za 2008 ziliegemea wadaiwa sugu. Rekodi za walipaji wazuri zikaja na kanuni za 2013. Si ajabu watu husema "nimetupwa CRB", kama mtu aliyetupwa jela.

Kwa hiyo Benki Kuu ilipowazuia wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa, wale wa programu za simu, kupeleka majina CRB, Aprili 2020, na kupiga marufuku kuorodhesha deni la chini ya Sh1,000, wengi walishusha pumzi. Nami niliona ni haki: kumfungia mtu milango ya benki kwa Sh300? Lakini aliyekuwa akilipa vizuri kwenye programu hizo naye alipoteza ushahidi wake. Sifa yake ikabaki kwa mkopeshaji mmoja, na mkopeshaji anayeijua peke yake hana haja ya kushusha riba.

Kisheria, mkopaji ana haki ya ripoti moja ya CRB bila malipo kila mwaka. Ni karatasi ya kwenda nayo kwa mkopeshaji wa pili, mradi huyo wa pili awepo. Kwenye soko dogo la kijijini, mara nyingi hayupo.