Vuai kapata kura mbili

Haya, nimekaa kimya nikisema labda hasira zitashuka, hazijashuka, kwa hiyo naandika. Mdogo wangu wa kiume kajaaliwa mtoto, alhamdulillahi, dume, mzima na mama yake mzima, na kwa kuwa siku hizi hata mambo ya ndani ya ukoo yanaamuliwa Wasap, jina la mtoto likapigiwa kura kwenye grupu la familia. Grupu ambalo nusu ya watu wake mie siwajui wameingia kupitia kwa nani. Majina yalikuwa manne: Aryan, Zayn, Rayyan na Vuai. Vuai ni baba yetu, Mungu amrehemu. Kapata kura mbili, yangu na ya ami, na ami mwenyewe nina wasiwasi alibonyeza kwa bahati mbaya maana kambonyeza na Zayn pia.

Aryan kashinda. Akika Jumapili.

Nikauliza kulikoni jamani. Wifi yangu (nampenda, na anajua) kanijibu kwa adabu zote: "Wifi, Vuai zuri lakini halina maana, nimelitafuta kwenye apu ya majina sikuliona. Na sie tunataka jina la Kiislamu."

Hilo la Kiislamu ndo lilonichekesha kwanza. Aryan ni la Kisanskriti wifi yangu, ni la Wahindu toka enzi na enzi, na sie tulokulia na mafilamu ya Kihindi tunajua vizuri limetufikia vipi: Shah Rukh Khan kamwita mwanawe Aryan mwaka 1997, basi. Sina ugomvi na Shah Rukh Khan, nimelia sana kwa ajili yake. Lakini usinambie umemkataa baba mkwe wako kwa sababu ya dini halafu ukaenda kuchukua jina Bombei. Rayyan sawa, ule ni mlango wa peponi wa wanofunga saumu, hapo nanyamaza. Ila hao maswahaba wenyewe, Umar aliitwa Umar kabla hajasilimu, Khalid alipigana upande wa Makureshi akiitwa Khalid na akaja kuwa Upanga wa Mwenyezi Mungu bado akiitwa Khalid, Bilal hakubadilishwa jina. Mtume (SAW) alibadilisha majina yenye maana mbaya, yule alokuwa akiitwa Asiya, yaani muasi, kamwita Jamila, lakini hakuwapanga watu foleni akawagawia majina mapya. Na ndio, najua, majina yanopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdulrahman, hadithi iko wazi, wangechagua Abdullah nisingeandika hata mstari mmoja.

Halafu hii "maana". Toka lini sie tukatafuta majina ya wazee wetu kwenye apu ilotengenezwa na mtu ambae Makunduchi, kwetu huku kusini Unguja, hajawahi kuiona hata kwenye ramani? Kwetu jina linatoka kwa mtu linakwenda kwa mtu. Unampa mwanao jina la babu yake wanakuwa masomo, yaani watu wa jina moja, na kuanzia hapo mtoto anabadilika cheo ndani ya nyumba: bibi yake anamwita mume wangu, mama yake mzazi hawezi kulitamka jina kwa sababu ni la mkwewe kwa hiyo anamwita Babu, Babu njoo ule, Babu vaa viatu, Babu hebu teremka huko juu ya mwembe. Nimekulia nyumba yenye Babu wa miaka minne anaechapwa kwa kumwaga uji. Apu gani itakwambia hayo.

Na niseme na ukweli ambao watu hawaupendi: tatizo si maana, tatizo wanaona ni ushamba. Vuai, Pandu, Machano, Makame, Ussi, Mcha, Simai, Silima, Ame, na huko Pemba kina Faki na Kombo na Shaame, ukiyasikia tu unajua huyu hakuzaliwa Mjini, Shangani. (Jecha nalo limo, lakini tokea Oktoba 2015, mwenyekiti wa tume mwenye jina lile alipofuta uchaguzi wa Zanzibar, lina kesi yake peke yake, mie sitii mguu.) Mbona kwenye vyeo tunayatamka vizuri tu? Profesa Makame Mbarawa kawa waziri, hamna anaeona haya kumwita. Shamsi Vuai Nahodha kawa Waziri Kiongozi wa Zanzibar miaka kumi, 2000 mpaka 2010, na sijasikia mtu kumwambia hilo la katikati alifute.

Lakini yote hayo ningeyameza. Kilonikosesha usingizi ni kitu chengine, na naomba mnisikilize maana wengi hamjakaa mkakipigia hesabu.

Sie hatuna jina la ukoo. Tuna langu, la baba, la babu, kwisha, ndo yanoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho na pasi. Ni kama daladala yenye viti vitatu: akipanda mmoja mbele, wa nyuma kabisa anateremka. Tuseme kuna Salum Haji Vuai. Salum akizaa akamwita mtoto Aryan, mtoto ni Aryan Salum Haji. Vuai yuko wapi? Hakukatazwa na serikali, hakufa kwa vita, hakuna hata mtu alomchukia, kateremshwa tu na wala hamna aliegeuka kuangalia. Sasa wifi ananambia "lakini wifi si limo, si ndo jina lake la tatu?" Limo! Limo kwa mtoto huyu. Huyu Aryan akija kuoa na kuzaa, halimo. Miaka ishirini na tano, thelathini, na kila karatasi yenye jina la baba yetu itakuwa ya mtu mzima au ya marehemu, na watu watasema aa, haya majina ya zamani yamepotea wenyewe. Hayapotei wenyewe, yanapotea kwa kura za Wasap.

Wazee walilijua hili, wala hawakuwa na cheti wala kompyuta. Ndo maana jina likawa linazungushwa: Vuai anamzaa Ali, Ali anamzaa Vuai, Vuai anamzaa Ali. Jina likifika mwisho wa mstari linarudishwa mbele kabla halijadondoka. Mnadhani Vuai Ali Vuai yule wa CCM jina lake limekuwa vile kwa kukosa ubunifu? Jecha Salim Jecha je? (Nimesema sitii mguu lakini mfano ni mzuri, nifanyeje.) Watu wa bara wanatucheka, nyie Wazanzibari majina yenu yanajirudia, kwenye daftari la skuli mwalimu anachanganyikiwa. Ndio yanajirudia, ndo yanavyoishi! Wenye majina ya ukoo hawana haja ya kufanya hivi. Wenzetu wenye asili ya Oman wana Barwani wao, Riyami wao, Lamki wao, hata wakiwaita watoto Jayden, Barwani iko pale pale nyuma. Wahindi wa Mjini hivyo hivyo. Hata yule Farrokh, mtoto wa Unguja alozaliwa hapa Septemba 1946 na sasa watalii wanajazana Shangani kupiga picha kwa ajili yake, ukoo wao ukiitwa Bulsara, jina lilobeba mji wa Bulsar kule Gujarat, wakahama nalo bahari nzima. Yeye kayatupa yote mawili akawa Freddie Mercury na wala halikumharibikia kitu, nakubali, mtanitolea mfano huo najua. Sawa, mwanenu akiimba kama yule nitanyamaza.

Sie wa shamba hatuna pa kujishikiza zaidi ya hicho kiti cha mbele. Na mie mtoto wa kike nina kiti kidogo zaidi. Jina langu la pili ni Vuai, nimeolewa nalo sikulibadilisha, hapa hatubadilishi na nashukuru, lakini wanangu wanabeba la baba yao kama inavyotakiwa, na wa kiume wa kwanza kapewa jina la babu yake mzaa baba, ndo desturi na ndo haki ya wakwe zangu, nililipokea kwa vigelegele. Kwa hiyo wanaoniuliza "mbona wewe hukumpa mwanao" hilo ndo jibu lao. Mlango wa baba yetu ni mdogo wangu tu. Yeye ndo mwenye zamu, na zamu yake kaiweka kwenye grupu ikapigiwa kura na watu wenye picha za maua.

Kinachonichoma zaidi ni ndugu zetu wa Uingereza. Kule fomu zinalazimisha jina la ukoo, kwa hiyo wao wakaandika Vuai, limeganda, watoto wao Vuai, wajukuu watakuwa Vuai, wake zao wataletewa barua za umeme za Bibi Vuai. Mtoto wa kule London asojua kuchagua kati ya urojo na uji ndo atabaki na jina la mzee wa Makunduchi mpaka kiama, na Makunduchi yenyewe tutakuwa na kina Aryan na Kiaan na Jayden wamekaa barazani.

Haya nikubali na mengine, nisionekane sina haki. Skuli watamtania, "Vuai vua shati", baba mwenyewe kaimbiwa hayo utotoni na akawa anatuimbia na sie. Akienda Dar maofisini wataandika Vuwai, Vuayi, mmoja ataandika Fuai na kugoma kubadilisha. Na mtoto si wangu, ni wa wazazi wake, hilo nalo kweli. Mdogo wangu kaniletea suluhu usiku ananambia "dada, nyumbani tutamwita Vuai, kwenye cheti Aryan." Nikamwambia mdogo wangu, jina lisokuwepo kwenye cheti ni utani wa nyumbani. Fanya kinyume chake. Cheti Vuai, nyumbani muiteni Aryan mpaka mchoke.

Na nyie Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, mie nina ombi moja kwenu na halina gharama. Wamarekani wana orodha za majina ya watoto toka waliozaliwa 1880, wanaficha tu yale yaliyopewa watoto chini ya watano kwa mwaka. Waingereza wanatangaza kila mwaka, ndo tukajua kwamba kwa waliozaliwa 2023 huko England na Wales jina lilopewa watoto wengi zaidi wa kiume ni Muhammad. Nyinyi ndo mnaowaandika watoto wanaozaliwa Unguja na Pemba, majina mnayo. Toeni na sie orodha yetu, majina ya mwanzo tu, bila la baba wala shehia, tuone kina Pandu wako wangapi, kina Machano, kina Mcha. Natamani kuona Vuai wangapi wamezaliwa mwaka huu. Kama ni sifuri andikeni sifuri, niichapishe nimpelekee wifi na ile apu yake.