Days of Heaven: uzuri wa picha haufichi jasho la vibarua

Lawama kubwa dhidi ya Days of Heaven, filamu ya Terrence Malick ya mwaka 1978, ni kwamba inafurahisha macho lakini haigusi moyo. Hoja hiyo ina uzito. Bill na Abby wanakimbia Chicago na kwenda kuvuna ngano Texas mwaka 1916, wakijifanya kaka na dada. Bill akisikia kwamba mwenye shamba anaumwa na siku zake zinahesabika, anamshawishi Abby, mpenzi wake, aolewe na tajiri huyo. Kisa cha namna hii kingeliza watu, ila wapenzi wenyewe wanazungumza kidogo mno, na wakianza tu kufunguka kamera inahamia mtoni. Wapo pia wanaohoji kama ni haki kuupamba umaskini hivyo.

Lakini ni nani anayesimulia? Ni Linda, mdogo wake Bill, mtoto anayefanya kazi shambani kama wakubwa. Yanayosemwa chumbani hayamfikii. Anamwona kaka yake akizungukazunguka nje, anamwona Abby amevaa gauni jipya, mengine anajazia mwenyewe. Kile wanachokiita ubaridi ni ukomo wa macho yake.

Halafu kuna mwanga, ambao ndio unaoleta huo uzuri unaolaumiwa. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa jua likishazama na giza halijaingia, muda wa kama dakika 20 tu kwa siku. Maandalizi ya mchana kutwa, kisha kukimbizana na usiku. Mpigapicha mkuu, Néstor Almendros, ambaye macho yake yalikuwa yanafifia, alipata Oscar kwa kazi hiyo, na watu wengi huishia hapo, kwenye tuzo. Mimi naangalia ni saa gani hiyo kwa kibarua. Ni saa ambayo nguvu zimemwisha na kazi bado haijaisha. Mgongo umekufa ganzi, miganda bado imelala shambani, na pale juu ya uwanda imesimama nyumba moja tu, ya tajiri, huku vibarua wakienda kulala kwenye majani makavu. Adhuhuri isingeionyesha tofauti hiyo vizuri zaidi.

Wala ukatili haukufichwa. Nyapara anamkata Abby ujira akidai amepoteza ngano. Bill akilalamika, anaambiwa aondoke au anyamaze arudi kazini. Tena filamu inafunguliwa kwa picha halisi za zamani za wafanyakazi, zikiwemo za Lewis Hine, aliyetumia kamera yake kupinga ajira ya watoto Marekani. Anayetaka kuupamba umaskini haanzii hapo.

Nisichoweza kukitetea ni vibarua waliobaki. Yule mtu mweusi anayecheza kwa miguu juu ya ubao, wahamiaji wanaoshuka kutoka juu ya paa za treni: wanapita mbele yetu bila jina. Uhariri ulichukua takriban miaka miwili, na ni katika muda huo sauti ya Linda ilipoongezwa. Mtoto huyu hujua majina ya aliolala nao kwenye majani. Nafasi ya kututajia angalau wawili ilikuwepo.