Piga mikono tu, uso uniachie

Kazi yangu ni kupaka hina na piko. Nakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na kwa miaka sita sasa riziki yangu imekuwa ikipitia Instagram. Zamani sifa ya mkono wako ilitembea mdomoni: shangazi amwambie jirani, jirani amwambie wifi yake, mpaka ifike Majengo mwezi umekwisha. Siku hizi bi harusi yuko Jeddah au London, anayaona maua niliyomchora mtu jana, na ananibuku kabla ya kukata tiketi. Basi mimi msinitie kwenye kundi la wanaosema mitandao imetuletea balaa tupu. Kodi ya nyumba yangu inalipwa na picha.

Na hizo hizo picha ndizo zinazonitia wasiwasi.

Aliyewahi kuhudhuria kupamba anajua. Ni usiku wa wanawake peke yao. Mabuibui yanavuliwa, nywele zimetengenezwa, migongo iko wazi, na bi harusi yuko jukwaani amepambwa akapambika. Hata kijana wa kubeba viti hapiti. Ndiyo maana kwenye kumbi nyingi mlangoni husimama mama mmoja mkali, ana kikapu: simu yako inaingia humo, unapewa namba. Wengine wanabandika karatasi juu ya kamera. Nilikuwa nikicheka, naona ushamba.

Mwaka juzi ilikuwa kupamba ya binamu yangu. Msichana mmoja alitoa simu moja mlangoni, ya pili akaificha ndani ya pochi. Alirekodi sekunde chache tu, akaziweka kwenye stetasi, watazame mashoga zake. Stetasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, lakini skrinshoti haifutiki. Kabla ya alfajiri wanaume wa mtaa walishamwona jirani yetu, aliyekuwa nyuma ya bi harusi akicheza bila mtandio. Bi harusi mwenyewe alikasirika siku mbili, yakaisha. Yule jirani mpaka leo haendi harusini.

Msichana yule hakuwa na nia mbaya. Alilipenda gauni! Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotuhubiria kila siku habari za matapeli. Matapeli wapo, na mimi yamenikuta: mtu aliiba picha zangu, akafungua akaunti yake, akala arbuni za maharusi watatu. Lakini tapeli unamripoti na kumlaani. Shoga yako aliyekuanika kwa mapenzi utamfanya nini?

Sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mtu, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja nayo ilitozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Nilifurahi kusikia. Ila nani hapa Kibokoni atamshtaki mtoto wa somo yake? Kwetu sisi mama wa kikapu anafanya kazi kubwa kuliko Kamishna, na simcheki tena.

Nami nimejiwekea masharti. Nauliza kabla ya kupiga, nauliza tena kabla ya kuposti, na napiga kuanzia vidoleni hadi kwenye kifundo, basi. Nilidhani hayo yanatosha. Juzi mteja mmoja, hina ishakauka, nikamwomba ruhusa. Akaniambia, "Piga dadangu, lakini ngoja kwanza nivue pete. Pete hii mtaa mzima waijua."